Anayefuata Ana Kosa Gani?

Wengi huamini kwamba mtu aliyefuata sawasawa alichoonyeshwa hana lawama. Askari hujitetea hivyo, karani hujitetea hivyo, na mtoto aliyelelewa vibaya hutetewa hivyo. Mimi hupenda kulipima neno hili katika karakana ya seremala, kwa sababu huko kuna chombo ambacho kazi yake yote ni kufuata.

Chombo chenyewe ni kisu cha ruta chenye beringi. Ruta ni mashine ya umeme inayozungusha kisu kidogo kwa kasi kubwa, pengine mizunguko 20,000 kwa dakika. Juu ya kisu, au kwenye ncha yake, hufungwa beringi yenye kipenyo kilekile cha kisu. Seremala hutengeneza kigezo kimoja cha plaiwudi, hukibana juu ya ubao wa mninga ambao msumeno umeuachia ziada ya milimita 2 hivi, kisha hupitisha ruta. Beringi huambaa na ukingo wa kigezo, kisu hula ziada. Mguu wa kiti wa arobaini hutoka kama wa kwanza.

Sasa tazama taabu yake. Ukingo wa kigezo ukiwa na kibonyeo cha ukubwa wa punje ya mchele, beringi huteremka humo kwa uaminifu, na miguu yote arobaini hukipata. Mkono ukiteleza juu ya patasi, kosa hufa na mguu ule mmoja. Kosa la kigezo huzaa. Ndiyo maana fundi mzuri hukisugua kigezo kwa msasa muda mrefu, jambo ambalo mteja anayesubiri huliita uvivu.

Basi lawama ni ya mtengeneza kigezo? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Sisi wazazi na walimu tusijitoe. Lakini beringi haina macho, nasi tunayo. Mwenye kushika ruta anaweza kuizima baada ya mguu wa kwanza, akaupapasa kwa kidole. Asiyepapasa, akaendelea hadi wa arobaini, sioni namna ya kumtoa lawamani.

Tena, beringi hufuata vizuri kwa kuwa haizunguki pamoja na kisu. Huenda kwa mwendo wa mkono, taratibu, wakati kisu kinavuma. Utomvu na vumbi vikiigandisha, huzunguka kwa kasi ya kisu, na hapo huunguza ukingo wa kigezo kilekile inachokifuata. Wafuasi wa namna hii nimewaona katika dini na katika siasa. Sina haja ya kuwataja.

Iko pia kona ya ndani. Kisu ni cha duara, hakiingii katika pembe kali. Hata kigezo kikiwa na pembe mraba, ubao hubaki na mviringo. Hapo seremala huiweka ruta chini, huchukua patasi na nyundo ya mti, na kuimaliza kona kwa jicho lake mwenyewe.