Fundo la Mfumaji

Penye wazee haliharibiki neno. Twaurudia usemi huu kwenye posa na misibani, na tunapoutamka huwa tunamwazia mzee wa kijijini, ajuaye nyakati za mvua na mipaka ya mashamba. Sijasikia ukitamkwa kwa ajili ya mzee aliyemaliza ujana wake kiwandani.

Namjua mmoja, mfumaji mstaafu, ambaye sasa anaishi katika makazi ya wazee. Alitoka Usukumani akiwa kijana, zama ambazo viwanda vya nguo vilikuwa fahari ya taifa changa. Kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma baadaye Mutex. Yeye alipata kazi katika kimojawapo cha kizazi hicho. Pamba waliyoilima wazazi wake ndiyo aliyokuja kuifuma: ilichambuliwa, ikafika kiwandani ikiwa marobota, ikasokotwa, ikafumwa, ikachapishwa, ikatoka khanga. Wengi wetu tulibebwa mgongoni kwa khanga zilizopita mikononi mwa watu kama yeye.

Nilimuuliza kazi ilimfunza nini. Ilibidi nirudie, maana masikio yake ni mazito kwa kelele za kiwandani. Mitambo ya kufumia inapopiga yote kwa pamoja katika ukumbi mmoja, sauti ya mtu haifiki kwa jirani yake, na wafumaji walisemezana kwa midomo na vidole. Mikono yake ndiyo iliyotangulia kujibu. Alichomoa nyuzi mbili kwenye pindo la shuka kuukuu, akazifunga fundo dogo, bapa, ambalo kidole kikipita juu yake hakilihisi. Kisha akasema:

"Mwanangu, uzi wa mtande ukikatika, mtambo usimame. Usiseme utaufunga mwisho wa zamu. Ukiuacha, jora zima litapigwa mstari, na mstari ule hautoki kwa kufua. Na mwenzako akija kupokea zamu, mwambie kasoro ya mtambo wako. Ukinyamaza, umemwibia."

Nimeketi na wazee wengi wenye sifa ya hekima, na ni wachache walionipa maneno yenye uzito huu. Koo ngapi zimegawanyika kwa neno dogo ambalo lingemalizwa siku ile ile, likaachwa mpaka watoto wakalirithi? Na ofisi ngapi zinakabidhiwa kwa hotuba na maua, huku anayeondoka amefunika mashimo ili mrithi wake atumbukie? Mfumaji huyu hakusoma maadili chuoni. Aliyafanya kila zamu, usiku na mchana.

Kisha viwanda vilichoka. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikosekana, umeme na maji vikasumbua, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980, milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni. Wafanyakazi wengi walirudishwa nyumbani. Waliokuwa wakichangia NPF, mfuko wa akiba wa wakati huo, walilipwa kwa mkupuo. Pensheni ya kila mwezi kwa wanachama wa mfuko huo ilikuja na sheria ya mwaka 1997 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioirithi NPF. Mkupuo wa mzee wangu ulimalizia chumba, ukalipa ada, ukamuuguza mkewe, ukaisha.

Ng'ombe avunjikapo guu hujikokota zizini. Lakini aliyeutolea mji ujana wake, wazazi wamekufa na shamba limepata wenyewe, zizi lake liko wapi? Kwake ni pale makazini. Wapo wanaonong'ona kwamba kuishi huko ni aibu. Sikubaliani nao. Analala salama, na jioni anao wenzake wanaoikumbuka miaka ile ile. Aibu ni yetu tunaofika na sabuni na sukari, tukapiga picha, tukaondoka bila kujua hata mmoja wao alikuwa nani.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi. Nasi wa Bara tuwatendee hivyo wazee wetu wote, wa jembe na wa mtambo.

Nawe msomaji, ukienda makazini safari ijayo, weka simu mfukoni, uketi. Muulize mzee alifanya kazi gani. Akikuonesha jambo kwa mikono yake, jifunze mpaka ulijue.