Upya wa Simu

Hakuna neno dogo lenye amri kubwa juu ya moyo wa mtu kama neno mpya. Mtu akiambiwa kuwa kitambaa ni kipya hukishika. Akiambiwa kuwa habari ni mpya hutega sikio. Na akiambiwa kuwa simu mpya imetoka, aghalabu huitazama iliyo mkononi mwake kwa jicho la dharau, ijapokuwa asubuhi ya siku hiyo hiyo ilimwamsha kwa wakati, ikamletea salamu za nyumbani na kumlipia nauli. Simu ile haikutenda kosa lolote. Kosa lake ni kuwa nyingine imezaliwa.

Uzazi huo hauchelewi. Kila mwaka kampuni kubwa, kama vile Apple ya Marekani na Samsung ya Korea Kusini, hutoa simu nyingine, na kila mwaka mnadi husimama jukwaani akaisifu kuwa ni bora kuliko zote zilizoitangulia. Kwa muda sasa wasikilizaji wengi wamechoka. Husema kuwa simu hazina jipya tena: kioo ni kile kile, mstatili ni ule ule, na kama kuna badiliko, ni kwamba jicho la kamera limehama kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Wengine huwajibu kuwa walalamikaji ni watu wasio na shukrani. Nimezisikiliza pande zote mbili, na nadhani zote zinaugombania upya mahali usipokaa. Zinautafuta katika umbo.

Umbo la simu lilikuwa na safari yake, na ni haki kuikumbuka. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wa kampuni ya Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama katika njia ya mji wa New York, akapiga simu kwa chombo alichokishika mkononi. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na mtu aliyempigia alikuwa mhandisi wa kampuni iliyokuwa ikishindana na yake. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza ya simu ya mkononi yalikuwa, kwa kiasi fulani, majigambo. Simu ya aina hiyo ilipofika sokoni miaka kumi hivi baadaye, bei yake ilikuwa dola 3,995, na betri yake ilitosha maongezi ya nusu saa. Tangu hapo simu zilipungua uzito na bei, zikaota vitufe, zikakunjwa na kukunjuliwa, mpaka tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alipowaonyesha watu wa San Francisco simu iitwayo iPhone, ambayo karibu uso wake wote ulikuwa kioo cha kuguswa kwa kidole. Simu nyingi tunazoziona leo ni wajukuu wa umbo lile.

Je, umbo likitulia, uvumbuzi umekufa? Hebu tuitazame baiskeli. Katika mwaka wa 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akikaa Belfast, alipata hati ya mpira wa kujazwa upepo. Mtu wa zamani zile akifufuka leo na kusimama kando ya barabara ya Kisumu, magari yatamtia hofu, lakini baiskeli ataitambua mara moja. Wala hatujasikia mtu akilia kuwa baiskeli imewashinda mafundi. Imelipata umbo linaloufaa mwili wa binadamu, ikatulia. Simu nayo, nadhani, imefika karibu na kituo hicho, kwa kuwa kiganja cha mtu hakikui kila mwaka pamoja na matangazo. Wako waliokataa utulivu huo. Mwaka wa 2019 Samsung ilitengeneza simu yenye kioo cha kukunjwa. Baadhi ya zile walizopewa waandishi wa habari kuzijaribu ziliharibika katika siku chache, na kampuni ikalazimika kuahirisha kuiuza kutoka Aprili mpaka Septemba. Siwacheki waliojaribu. Zilizofuata zilikuwa imara zaidi. Lakini mwenye kuikunjua hukuta ndani yake barua zile zile na picha zile zile alizokuwa nazo katika simu isiyokunjika.

Basi upya unakaa wapi? Jibu langu naliokota hapa kwetu. Siku 56 baada ya Steve Jobs kushangiliwa kule San Francisco, yaani tarehe 6 Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Kazi hii haikudai kioo cha kuguswa wala kamera. Ilikaa katika kadi ya laini, ikatumika hata katika simu za bei ndogo kabisa, ikiwamo ile ambayo Wakenya waliibatiza jina la mulika mwizi kwa sababu ya tochi iliyokuwa kichwani mwake. Kabla ya siku ile, mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kuwapelekea fedha wazazi wake alizipeleka kwa posta, au alimkabidhi ndugu aliyekuwa akisafiri, au aliziweka katika bahasha akampa dereva wa basi, kisha akakaa na wasiwasi siku mbili tatu. Baada ya siku ile mama aliweza kuzipokea katika duka la jirani kabla chai haijapoa. Sura ya simu haikugeuka hata kwa upana wa unywele. Kilichogeuka ni maisha ya mwenye simu.

Mfano mwingine ni wa mbali, lakini naupenda zaidi. Kioo kitupu kilikuwa baraka kwa wenye macho na ukuta kwa wasioona, maana vitufe vyote vilivyoweza kupapaswa vilikuwa vimeondolewa. Mwaka wa 2009 Apple ilitoa simu ambayo kwa nje ilifanana sana na ile ya mwaka uliotangulia, na wapo walioipita dukani bila kugeuka. Ndani yake, hata hivyo, ilikuwa na sauti iliyosoma kila kitu kilichoguswa kwa kidole, hata mtu asiyeona akaweza kuandika barua yake mwenyewe na kusoma majibu bila kumwomba mtu mwingine amfunulie siri zake. Wenye macho hawakuona kitu. Asiyeona ndiye aliyeuona upya.

Kutokana na mifano hii nimejitengenezea kipimo. Simu mpya inapoletwa mbele yangu nauliza: ni nani anayeweza leo asiloliweza jana? Kipimo hiki hakiwadhulumu watengenezaji. Novemba 2022, kwa mfano, iPhone za mwaka huo zilianza kuwawezesha watu wa Marekani na Kanada kuomba msaada kwa njia ya setilaiti, mahali pasipo na mtandao wa simu. Mtu aliyepotea mlimani hatajali kama umbo la simu yake ni la zamani. Na hata mabadiliko madogo yana haki yake, kwani haba na haba hujaza kibaba; ukiilinganisha simu ya leo na ya miaka kumi iliyopita utakuta kuwa kibaba kimejaa kweli. Ubaya huingia pale kila tone linapotangazwa kuwa mafuriko.

Mimi mwenyewe sikuwa na kipimo hiki nilipokuwa na fedha mfukoni. Mwaka mmoja niliingia katika duka moja la Nairobi, nikatoa akiba ya miezi mingi, nikatoka na simu mpya. Muuza duka hakunishawishi sana. Nilikuja nimekwisha shawishika. Kilichonisukuma kilikuwa haya. Katika mikutano wenzangu waliweka simu zao juu ya meza, zinang'aa, nami nikaiacha yangu mfukoni, kama mtu afichaye kiraka. Na kweli simu yangu ilikuwa imechoka. Ilizimika kabla ya adhuhuri, na nikaichukua dalili hiyo kuwa ni uzee usio na dawa.

Baada ya wiki mbili nilichukua daftari, nikaandika kwa siku saba kila nilichokifanya kwa simu mpya. Niliongea na watu, nikasoma habari, nikalipa madeni, nikasikiliza redio, nikapoteza wakati. Yote haya, pamoja na kupoteza wakati, niliyaweza kwa simu ya kwanza. Moja tu sikuliweza. Usiku wa siku ya tano nilikuwa nyumbani kwa mama, naye ameketi jikoni akichambua maharage kwa mwanga wa koroboi. Nilimpiga picha bila yeye kujua, na picha ikatoka safi, mikono yake inaonekana, hata mikunjo ya vidole. Simu ya kwanza ingenipa giza na doa jekundu. Siwezi kusema, basi, kuwa sikununua kitu. Nilidhani nimenunua maisha mengine, nikapata picha moja. Na mpaka leo sijui kama bei ile ilikuwa ghali au rahisi.

Lililonichoma lilikuja baadaye. Nilimpelekea fundi simu ya kwanza ili anunue vipande vyake. Aliipindua, akaifungua kwa shida, maana ilikuwa imegundishwa kwa gundi, akaniambia kuwa haina ugonjwa ila betri, na kuwa betri ingalibadilishwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha nilizozitoa dukani.

Kosa langu la kudhani uchovu wa betri ni uzee wa simu wamelifanya watu wengi, na wengine walisaidiwa kulifanya. Mwaka wa 2017 Apple ilikiri kuwa programu yake ilikuwa ikizipunguzia mwendo simu za zamani zenye betri zilizochoka. Ilieleza kuwa nia ilikuwa kuzizuia zisizimike ghafula, na sababu hiyo ina maana kwa mafundi. Lakini wenye simu hawakuambiwa waziwazi, na mtu asiyeambiwa hununua. Februari 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 25 kwa kunyamaza huko. Nadhani faini ile ilipiga mahali pake. Kupunguza mwendo wa chombo kuna udhuru. Kumwacha mtu aamini uongo juu ya kitu alichokilipia hakuna.

Tena upya huu una mtu anayeulipia zaidi ya mimi na wewe, msomaji. Betri za simu nyingi zina madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika nchi ya Kolwezi na jirani zake. Sehemu yake huchimbwa na mashine za makampuni makubwa. Sehemu nyingine huchimbwa na watu kwa sururu na kwa mikono, ndani ya mashimo ambayo huporomoka, na watoto wa umri wa kuwa shuleni wameonekana kati yao. Wengi wa watu wale husema Kiswahili. Mchimbaji wa Kolwezi akiuliza kwa nini simu ya mwaka jana imetupwa, hatutahitaji mkalimani, lakini itatubidi tuwe na jibu.

Sisemi kuwa tuache kununua simu. Mwenye kusema hivyo na aanze na yake. Nasema kuwa kati ya kuitupa simu na kuitengeneza, tumefundishwa njia moja tu, na njia hiyo haikuwa ya lazima. Mulika mwizi ilifunguliwa mgongo kwa ukucha, betri ikatoka, nyingine ikaingia, na kazi ikaendelea. Sasa Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyopitishwa mwaka wa 2023, umeamuru kuwa kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mwenye chombo mwenyewe. Wanasheria na wahandisi wamesumbuka miaka mingi ili wapate kurudi palipokuwa na simu ya maskini.

Ile simu yangu ya kwanza sikuiuza vipande. Fundi aliitia betri, nikampa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa amemaliza shule na hajapata kuwa na simu. Sasa huitumia kuuliza bei ya nyanya katika masoko matatu kabla ya kupakia mzigo wake. Kioo chake kina ufa pembeni. Juzi alinipigia kunieleza jambo fulani la biashara yake, sauti ikawa inakatika, akaniomba radhi, akasema nisijali, bado hajaizoea vizuri simu yake mpya.