JE, HOFU YA MGONJWA NI UPUNGUFU WA IMANI?

 

Liko suala moja ambalo huulizwa darsani na barazani, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa mwenye kuuliza huona haya. Mtu ana ugonjwa wa sukari. Anasali sala zake tano, na ulimi wake haukauki kwa kumtaja Mola wake. Kisha, pasipo sababu anayoiona, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, jasho humtoka, pumzi humbana, na huyakinisha kwamba saa yake imefika. Baada ya muda hali hiyo humwondokea, na siku nyingine humrudia. Je, mtu huyu ana upungufu wa imani? Na jirani anayemwambia, "Tawakali tu, hayo ni ya shetani," amemnasihi au amemdhulumu?

Tumependa kulitazama suala hili kutoka Garissa, mji ulio kando ya mto Tana, mto huo huo uteremkao hadi Kipini na kuingia katika bahari yetu. Watu wake ni ndugu zetu katika dini, na wengi wetu wa pwani tuna biashara na ujamaa nao. Lakini sababu kubwa ni kwamba huko mambo ya kutia hofu yako wazi, hata hapana awezaye kusema kuwa hofu ya watu wake ni ndoto za walalao.

Mwezi wa Februari mwaka 1984 watu walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakauawa na askari wa serikali yao wenyewe. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, wauaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na wakadai kwa uongo kuwa wanafanya hayo kwa jina la dini yetu. Mtu aliyeisikia milio ya risasi alfajiri ile, kisha akashtuka usiku kwa mlango uliobamizwa na upepo, hakupungukiwa na imani. Mwili wake unakumbuka.

Juu ya hayo, uweke sasa ugonjwa wa sukari. Insulini ambayo haijafunguliwa yataka baridi ya digrii 2 hadi 8, ilhali joto la Garissa hupita digrii 30 siku nyingi za mwaka, na nyumba nyingi za vijijini hazina friji. Basi mwenye akili huiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji. Kutoka vijiji vya Garissa, Wajir na Mandera hadi hospitali kubwa ni safari ndefu katika njia ya vumbi. Chai huandaliwa tamu sana, na kuikataa mbele ya mwenyeji huonekana kama kumvunjia heshima. Mgonjwa huyu, kila siku, ana jambo la kuhesabu na jambo la kuogopa.

SURA MOJA, MAMBO MAWILI

Kabla ya kutoa hukumu juu ya jambo, ni wajibu kulijua. Muumba ameuwekea mwili wa binadamu kinga: tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo hutoa kitu ambacho matabibu hukiita adrenalini, nacho huupeleka moyo mbio na kuviamsha viungo ili mtu akimbie au apigane. Sukari ya damu ikishuka mno, mwili huimwaga adrenalini hiyo. Hofu kubwa ikimpata mtu, mwili huimwaga hiyo hiyo. Ndiyo maana kushuka kwa sukari na mshtuko wa hofu vina sura moja: kutetemeka, jasho, na moyo kwenda mbio. Mgonjwa mwenyewe, kwa hisia yake peke yake, hawezi kuvitenga.

Basi mwenye kusema "ni sukari" bila ya kupima, na mwenye kusema "ni jini" bila ya kupima, wote wawili wamesema wasilolijua. Na dini yetu imetukataza kufuata tusilokuwa na ilimu nalo.

Dawa ya kutojua hapa ni tone moja la damu na mashine ndogo ya kupimia. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, hiyo ni sukari iliyoshuka: mgonjwa na anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au nusu gilasi ya maji ya matunda, angoje dakika 15, apime tena, na ikipanda ale chakula. Asiyekuwa na mashine na ale sukari hiyo vile vile, kwani kupanda kwa saa moja si kama kushuka kunakoweza kumzimisha. Akizimia, asitiwe kitu mdomoni, bali apelekwe kwa tabibu upesi.

Ikiwa kipimo kimeonyesha kuwa sukari ni sawa, na hali hiyo ameizoea na tabibu amekwisha kuitambua, basi ajue kwamba aliyemjia ni mshtuko wa hofu. Akae, atoe pumzi polepole zaidi kuliko anavyoivuta, na akumbuke kwamba mshtuko huu kwa kawaida hufika kileleni kwa muda wa dakika 10 hivi, kisha huteremka. Unatisha, lakini wenyewe hauui. Lakini maumivu ya kifua, au hali iliyomjia mara ya kwanza, isiitwe hofu kabla tabibu hajaitazama.

Tena yako madhara ya mzunguko. Hofu hulifanya ini litoe sukari katika damu, na mgonjwa akiona kipimo kimepanda huogopa zaidi. Wako pia wanaoogopa kushuka kwa sukari hata hupunguza insulini yao makusudi, wakaishi na sukari iliyopanda. Nayo, kidogo kidogo, huharibu macho, mafigo na nyayo. Wala tusiisahau miraa, itafunwayo Garissa kama inavyotafunwa Mombasa na Lamu. Miraa hupeleka moyo mbio, huondoa usingizi na hamu ya chakula, na mtafunaji huisindikiza kwa soda na chai tamu. Mwenye sukari na wasiwasi akiitafuna, amenunua maradhi yote mawili kwa fedha yake.

HOJA YA WAPINZANI

Watasema baadhi ya watu: Qurani haikutufunza kwamba mawalii wa Mwenyezi Mungu hawana hofu juu yao? Na haikutufunza kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye? Basi asiyetulia, ukumbusho wake una ila.

Jawabu la kwanza: wafasiri wengi wameieleza ile aya ya mawalii kuwa ni khabari ya yaliyo mbele yao Siku ya Kiyama. Wala haiwezi kuwa maana yake ni kwamba mja mwema hapatwi na hofu duniani, kwani Qurani hiyo hiyo imetueleza kuwa Nabii Musa aliona hofu nafsini mwake pale wachawi walipozitupa kamba na fimbo zao. Mola wake alimtuliza, wala hakumvua unabii. Na mama yake Musa moyo wake ulikuwa mtupu, hata akakaribia kuifichua siri yake, mpaka Mwenyezi Mungu alipoutia nguvu. Kisha angalia alilolifanya: hakukaa kitako akasema nimetawakali, bali alimtuma binti yake amfuate mtoto mtoni, akiangalia kwa mbali.

Jawabu la pili: moyo una maana mbili. Uko moyo wa nyama upigao kifuani, na uko moyo wa imani ujuao Mola wake. Dhikri ni chakula cha moyo wa imani, na mara nyingi huutuliza na ule wa nyama, nasi twamhimiza mgonjwa asiiache. Lakini moyo wa nyama ukienda mbio kwa kukosa sukari, aliyekufunza dhikri ndiye aliyekuumbia chakula. Usikifanye kimoja kuwa adui wa chenziwe.

Jawabu la tatu: Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni. Hapana ajikingaye na kisichokuwapo, wala hapana awezaye kusema kwamba dua hiyo ni dalili ya imani ndogo.

Na juu ya tawakali, ni mashuhuri hadithi ya bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake, akaamrishwa amfunge kwanza ndipo atawakali. Wafugaji wa Garissa na Wajir hawahitaji kufasiriwa hadithi hii: aliyemwacha ngamia bila ya kamba usiku hana haki ya kulalamika asubuhi. Kupima sukari ni ile kamba. Insulini ni ile kamba. Kumwendea daktari wa maradhi ya nafsi, na kumweleza bila ya haya, ni kamba vile vile.

Wala wasidhani watu kwamba kuitibu hofu ni bidaa ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi pamoja. Aliifanya hofu na fazaa kuwa maradhi yenye mlango wake, kando ya ghadhabu, huzuni na wasiwasi. Katika mashauri yake ni kwamba, kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya ugonjwa, ajiwekee na fikira njema wakati wa utulivu, ili azitumie siku ya shida. Basi mgonjwa na aandike karatasi akiwa mzima wa moyo: "Hali hii ilinijia zamani, nikapima, ikapita." Aiweke karibu na mashine yake.

WAJIBU WA WALIO KANDO YAKE

Sasa twageukia upande ambao twauona ndio wenye lawama kubwa zaidi. Imepokewa kwamba katika zama za Mtume mtu mmoja alijeruhiwa kichwa, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hana, akaoga, akafa. Mtume alighadhibika nao sana, akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Yule mgonjwa hakulaumiwa; walaumiwa walikuwa wale waliomfutu pasipo ilimu.

Ole wetu, basi, ikiwa sisi ndio hao. Twawaona watu Garissa wakiwapeleka wagonjwa mahali pa kusomewa, ambapo Wasomali huita ilaji. Na sisi wa pwani tusiwacheke, kwani tuna ngoma zetu za kupunga pepo. Kusomewa Qurani ni jambo la kheri, hatulikatazi. Tulikatazalo ni kumfunga mgonjwa minyororo, kumpiga, na kumwambia aache dawa. Mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini, akinyimwa insulini huweza kufa kwa siku chache. Aliyemnyima kwa jina la dini atajibu nini mbele ya Mwenye dini? Na maziwa ya ngamia ni neema na chakula kizuri, lakini aliyeyauza kuwa badala ya insulini amemuuzia mtu mauti.

Kadhaalika katika Ramadhani. Wako wagonjwa wanaofunga kwa kuogopa macho ya watu, na wako wanaofungua kwa ruhusa ya tabibu, kisha wakajila nafsi kwa majuto. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Qurani yenyewe. Matabibu wamesema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, na afungue. Na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba kutoa damu ya kupimwa hakufunguzi, wala sindano isiyokuwa ya chakula. Basi imamu na ayaseme haya juu ya mimbari kabla ya Ramadhani, ili mgonjwa asibaki peke yake na wasiwasi wake.

Twamalizia kwa khabari moja ya nchi hiyo hiyo. Tarehe 21 Desemba 2015 wauaji walilisimamisha basi katika njia ya Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo ili Wakristo wauawe. Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na akafariki kwa majeraha hayo Januari 2016. Hapana aliyeuliza moyo wake ulipiga mara ngapi katika saa ile, wala iwapo mikono yake ilitetemeka. Linalokumbukwa ni alilolitenda.

Na hivyo ndivyo mizani ilivyo kwa mgonjwa wetu. Hataulizwa kwa nini moyo wake ulikwenda mbio, kwani hilo halimo katika uwezo wake, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila iliwezalo. Ataulizwa, naye ana mashine mkononi na ilimu mbele yake, alifanya nini. Nasi tutaulizwa tulimwambia nini alipotujia akitetemeka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatulize wenye hofu, na atuepushe na kusema tusilolijua. Amin.