Mti wa Mpangaji

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo ya ghafla tukapande miti. Lengo ni miti bilioni 15 ifikapo 2032, kwa hivyo nami nikajitokeza, nikapewa mche wa muembe, nikarudi nao Kawangware nikiwa nimeushika kama mtoto wa mtu. Nilipofika kwenye geti ndipo nikajiuliza: naupanda wapi? Ploti yetu imejengwa hadi ukutani. Udongo uliobaki uko kando ya choo, na mwenye ploti alishasema mizizi itampasulia bomba. Nikauweka kwenye mkebe wa rangi, nje ya mlango. Tangu hapo nimehama nao mara moja, juu ya mkokoteni, katikati ya godoro na jiko.

Sasa niambie, mtu asiye na hata futi moja ya ardhi anadaiwa nini na ardhi?

Jibu langu la kwanza lilikuwa: hadaiwi kitu. Muembe huchukua miaka kabla ya kuzaa, na kodi yangu huisha kila mwezi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo habari za kupanga miaka kumi mbele huniletea kicheko kidogo.

Beste yangu wa Kibera alinikosoa. Yeye na wenzake huokota plastiki na kupanda miti kando ya mto unaoelekea Bwawa la Nairobi, na wote ni wapangaji. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waondoke mita 30 kutoka mitoni, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Nikamuuliza mbona anapanda mahali anapoweza kufurushwa kesho. Akanijibu, “Kwani wewe unangoja hati ndio uoge?”

Nilicheka, lakini hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko Mau.

Waogiek wameishi katika msitu ule tangu zamani, wakitundika mizinga na kurina asali. Kwa mrina asali, mti uliosimama ndio wenye faida. Serikali ilipotaka kuwaondoa, ilisema inalinda msitu. Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha ikakataa hoja hiyo: haikuthibitishwa kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu. Kilichoumaliza ni watu wengine kuvamia na serikali yenyewe kugawa ardhi na vibali vya kukata miti. Mwaka 2022 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Halafu Novemba 2023, mwezi uleule wa likizo yetu ya miti, nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani. Mimi nilikuwa nasherehekea na mche wangu.

Najua utaniambia: wakipewa msitu si wataukata wachome makaa? Inawezekana wengine watafanya hivyo. Waogiek ni watu, sio malaika. Lakini sidhani ulinzi wa msitu uko kwenye damu. Uko kwenye kukaa. Unajua mzinga wa babu yako uko mti gani, unajua chemchemi ipi hukauka Februari, na unajua mjukuu wako atakulaumu. Ukimhamisha mtu huyo, unakuwa umepoteza mlinzi, hata ukileta vijana elfu moja na miche kwa siku moja.

Hata jina Kibera lilitoka kwa Wanubi, na kwa lugha yao maana yake ni msitu. Mwaka 1918 walitengewa ekari elfu nne hivi. Hati waliyokabidhiwa 2017, karibu karne nzima baadaye, ni ya ekari 288. Huo msitu wa kwenye jina ulienda na nani?

Kwa hivyo nimebadilisha jibu langu. Nadaiwa, ndiyo. Lakini anayenidai nipande naye anadaiwa aniache nikae nimwagilie. Hilo deni la pili silisikii kwenye hotuba.

Muembe sasa umefunga mizizi, mkebe umeanza kupasuka. Beste yangu anasema niulete Kibera, ashanitafutia mahali: hatua kumi na mbili kutoka majini, ndani ya zile mita 30. Jumamosi nitatafuta mkokoteni.