Kunuka na Kunukia

Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, lakini liko jambo dogo ambalo sikupata kuwaeleza wanafunzi wangu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimelitafakari. Kitenzi "kunukia" kimezaliwa na kitenzi "kunuka". Ni kauli ya kutendea tu, kama vile "kupika" kunavyozaa "kupikia" na "kusoma" kunavyozaa "kusomea". Tukiifuata sarufi hiyo, kinachonukia ni kile kinachonuka kwa ajili ya mtu fulani. Basi kabla hatujatamka kwamba harufu ni nzuri au ni mbaya, yatupasa kuuliza: kwa pua ya nani, na kwa saa ipi? Nimelifahamu hilo nikiwa nimekwisha pita miaka sabini, na kilichonifundisha ni chupa ya manukato.

Chupa yenyewe ililetwa na binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi Muscat, alipokuja Karatu kwa likizo. Ilikuwa ndogo, nzito, ya kioo kinene. Nilipomwuliza bei alicheka; nilipomkazania akaitaja, nami nikaona kwamba inazidi pensheni yangu ya mwezi mzima. Msomaji ataniuliza kama ni haki mzee wa Karatu kujipaka pensheni ya mwezi shingoni. Swali hilo ni zito, lakini kwangu lilikwisha upesi. Zawadi ya mtoto haikataliwi, na chupa iliyokwisha kununuliwa hairudishi fedha kwa kufungiwa kabatini. Lililonikosesha usingizi ni jambo jingine.

Sisi wa nyanda za juu hatukukuzwa katika elimu ya manukato kama ndugu zetu wa Pwani na Unguja, wenye asumini, udi na vikuba. Huku kwetu harufu ya mtu ilikuwa harufu ya maisha yake. Wamaasai walijitilia kwapani majani ya leleshwa, na basi la kutoka Mang'ola lilijulikana kwa harufu ya vitunguu kabla halijasimama. Kwa hiyo nilimwachia binti yangu aninyunyizie apendavyo.

Ilikuwa saa moja asubuhi, siku tuliyopanga kupanda Ngorongoro kumjulia hali rafiki yangu wa zamani. Harufu ya kwanza ilikuwa ya limau na ganda la chungwa, kali na changamfu, kana kwamba mtu amemenya tunda karibu na pua yangu. Niliipenda papo hapo. Nikatamka methali niliyoitumia katika miaka yangu yote ya ualimu: "Nyota njema huonekana asubuhi."

"Subiri, Baba," binti yangu akasema. "Hayo bado hayajaanza."

Njiani alinieleza, na baadaye nilisoma zaidi kwa udadisi wa kiualimu. Manukato ya namna hii si harufu moja bali ni msafara. Wanaotangulia ni wepesi: mafuta ya limau, ya chungwa, na ya bergamoti, tunda linalolimwa hasa Calabria, kusini mwa Italia. Chembe zake hupaa mara zipatapo joto la ngozi, na aghalabu nusu saa haipiti sana kabla hazijatoweka. Nyuma yao huja maua: waridi, asumini, langilangi ya Komoro, na maua ya mchungwa mchungu. Haya hukaa saa kadhaa. Mwisho hubaki wazito, yaani sandali, miski, ambari na utomvu wa miti, ambao waweza kuwakuta katika nguo hata kesho yake. Na tusidhani kwamba kila harufu ina mti wake. Mchungwa mchungu peke yake hutoa mafuta ya namna tatu yasiyofanana: ya majani, ya maua na ya ganda. Mti ni mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya kumi na nane Mtaliano aitwaye Johann Maria Farina alifanya biashara mjini Köln, Ujerumani, akiuza maji yanukiayo limau na machungwa. Mwaka 1708 alikuwa amemwandikia ndugu yake kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Naamini kwamba hata leo asubuhi ndiyo inayouza chupa. Mnunuzi hunusa dukani kwa dakika moja, hulipa, kisha huenda nyumbani na kitu kingine.

Tulipofika lango la Loduare limau lilikuwa limekwenda zake. Nilinusa kiganja changu, nikasikitika kama mtu aliyeibiwa. Kisha, gari likipanda msituni katika ukungu, kitu kingine kikafunguka shingoni mwangu taratibu, nami nikakijua. Ilikuwa kama harufu ya mashamba ya kahawa ya Oldeani siku chache baada ya mvua, mikahawa inapojaa maua meupe yanayonukia kama asumini. Maua hayo hudumu siku chache tu. Anayechelewa huyakosa, akabaki kudhani kwamba mkahawa ni mti usio na ua.

Ukingoni, kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi, hatukuona kreta. Palikuwa na ukungu mtupu. Kundi la wageni lilishuka garini mwao, likatazama, likapiga picha za ukungu, likaondoka. Sisi tulikuwa na chai katika chupa, tukakaa. Baada ya muda ukungu ulipasuka, na chini yetu, kiasi cha mita 600, tukaliona ziwa likimetameta na mbuga yote imetulia kando yake. Wageni wale hawatakuwa waongo wakisema kwamba walifika Ngorongoro wakaona ukungu. Watakosea tu wakisema kwamba Ngorongoro ni ukungu.

Rafiki yangu ni Mmaasai, mwalimu mstaafu kama mimi. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu, kisha tukafundisha shule moja, mimi nikiwa mwalimu mkuu naye akiwa msaidizi wangu. Miguu yake sasa ni dhaifu, lakini ulimi wake hauna ugonjwa.

"Mwalimu Mkuu," alisema nilipoinama kumsalimu, "leo unanukia kama bibi harusi."

Nikamsimulia habari yote: limau lililokimbia, ua lililokuja, na wazito waliokuwa bado njiani. Nilisimulia kwa madaha kidogo, kama mtu aliyegundua jambo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kama ungeikagua chupa hii mstarini Jumatatu asubuhi, ungeipa alama gani?"

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anamsema nani.

Ilikuwa mwaka 1984, katika shule moja ya msingi upande wa Bonde la Eyasi, Karatu ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Kila Jumatatu nilikagua usafi: kucha, meno, kola. Asubuhi moja nilimfikia mtoto wa darasa la nne, mgeni, aliyeandikishwa wiki ile ile. Wazazi wake walikuwa wafugaji. Alinuka moshi na maziwa yaliyochacha. Nilimtoa mbele ya wenzake, watoto wapatao mia tatu, nikamwambia aende kwao na asirudi mpaka awe safi. Watoto wakacheka, nami sikuwakataza. Rafiki yangu huyu, aliyekuwa mwalimu wa zamu, alinifuata ofisini akasema, "Mwalimu Mkuu, mpe kipande cha sabuni."

Walioishi miaka ile wanakumbuka. Baada ya vita vya Kagera, na ukame, na uchumi kuyumba, sabuni ilikuwa adimu nchini. Watu walipanga foleni kwa kipande kimoja. Katika kabati langu ilikuwamo miche miwili ya mgao wetu wa walimu. Nikamjibu kwa methali yangu ya nyota njema, nikamrudisha darasani.

Mtoto hakurudi. Baada ya majuma mawili niliuliza, nikaambiwa jamaa zake wamehama na mifugo. Katika daftari la mahudhurio vistari vyekundu vilifuatana mbele ya jina lake mpaka mwisho wa muhula, kisha nikaandika kwa mkono wangu neno moja: Mtoro. Mtoro ni mtu anayekimbia. Huyu nilimfukuza mimi, na daftari likasema uongo kwa niaba yangu.

Tukiwa tumenyamaza, mke wa rafiki yangu alituletea maziwa katika kibuyu. Nikanusa moshi ule ule. Wafugaji husugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha moto, hasa cha mzeituni mwitu, ili kukitakasa na kuyafanya maziwa yadumu. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa miaka mingi kama habari tu ya mila za watu. Siku ile nililielewa. Moshi nilioukuta katika mwili wa mtoto yule ulikuwa usafi wa nyumbani kwao. Alininukia mama yake kabla ya kuninuka mimi. Mama alikuwa ametimiza kazi yake. Mwenye kazi ambayo haikufanyika alikuwa mimi, niliyekuwa na sabuni kabatini.

Rafiki yangu hakutaka kunilaumu zaidi. "Hata mimi nilisema mara moja, kisha nikanyamaza," alisema. "Lakini jifariji. Jambo huhukumiwa kwa mwisho wake. Tusubiri jioni, tujue manukato yako ni nani hasa."

Hapo sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Wako wengi wanaodhani kwamba dawa ya kuhukumu kwa mwanzo ni kuhukumu kwa mwisho. Husema kwamba kinachobaki ndicho cha kweli, na vilivyotangulia vilikuwa pambo. Lakini limau la asubuhi halikuwa uongo. Lilikuwa limau kweli, ila lilikuwa fupi. Ua la Oldeani si uongo kwa kuwa ladumu siku chache. Anayehukumu kwa saa ya mwisho naye amehukumu kwa saa moja, kama mimi niliyehukumu kwa saa ya kwanza. Tofauti yao ni kwamba yeye amechelewa kukosea. Kama manukato yana ukweli, ukweli wake ni mwendo wote, na mwanadamu ana mwendo mrefu kuliko manukato.

Msomaji aliyewahi kuwa kiongozi atanipinga, na ana haki. Mwalimu mkuu hana siku nzima ya kumnusa kila mtoto. Kengele inalia, watoto ni mia tatu, sharti aamue. Kwa muda mrefu hoja hiyo ndiyo iliyonipa usingizi. Nayo ni kweli: kuamua ni lazima. Lakini kuamua si kufunga. Ningeweza kuamua kwamba mtoto huyu leo ananuka, nikampa sabuni, nikamwambia keti. Huo nao ungekuwa uamuzi, tena wa haraka, na ungeiacha kesho iseme lake. Kosa langu halikuwa wepesi wa kuamua. Lilikuwa kuamua namna ambayo hata kama nimekosea, kosa lisingepata njia ya kurudi kunionyesha.

Hata taifa laweza kujifunza hilo. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na mlango ukafungwa nyuma yake. Barua za namna hiyo mimi nilizitia sahihi bila mkono kutetemeka. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao waruhusiwe kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wako waliosema kwamba hiyo ni kulegeza maadili. Mimi nilipoisikia habari ile nilikaa kimya sebuleni, nikiwahesabu kwa majina wale niliowakumbuka. Kuacha mlango wazi si kusema kwamba hakuna kosa. Ni kukiri kwamba aliyehukumu aliona saa moja tu ya maisha ya mtu.

Jua lilipokuwa linazama tuliaga. Sikuwa na la kumwomba rafiki yangu, ila nilimwuliza kama analikumbuka jina la mtoto yule. Alilikumbuka. Nami nilikuwa nalikumbuka pia. Tulilitaja pamoja, wazee wawili, kama tunaita mahudhurio. Kama yu hai, yapata miaka hamsini sasa, na huenda ana wajukuu. Nimeanza kuulizia minadani na kwa madereva wa mabasi ya Mang'ola. Sitafuti kusamehewa, hilo ni lake, si langu kulipanga. Nataka tu kumwambia kwamba hakuwa mtoro.

Garini, tukishuka kuelekea Karatu gizani, niliinusa mikono ya shati langu nikitafuta wale wazito wa mwisho, sandali na miski, niliokuwa nimewasubiri tangu asubuhi. Walikuwapo, kwa mbali. Lakini tulikuwa tumeketi kutwa kando ya moto wa rafiki yangu, na juu yao, karibu kuwafunika kabisa, kulikuwa na moshi na maziwa.

"Vipi, Baba," binti yangu akaniuliza, "bado yananukia?"

Nikamjibu kwamba yananukia.