Kiboko Hakikuwaokoa

Kila bweni linapoteketezwa nchini Kenya, husikika kilio kilekile: rudisheni kiboko, watoto wameharibika tangu kipigwe marufuku mwaka 2001. Historia inasema vingine. Mwaka 1991 wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, waliwavamia wasichana wenzao usiku, na wasichana 19 wakafa. Mwaka 1999 viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa moto vyumbani mwao. Miaka hiyo yote kiboko kilikuwa halali, tena kilitumika kwelikweli, na hakikuwaokoa watoto hao.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika atauliza: basi nifanye nini? Ana haki ya kuuliza, na kumwachia marufuku tupu, bila mshauri nasaha wala muda wa kuwasikiliza wanafunzi, ni kumwonea. Adhabu lazima iwepo. Aliyeharibu atengeneze, aliyeumiza awakabili aliowaumiza mzazi wake akiwepo, na mkosaji wa jinai afikishwe mbele ya sheria. Ninachopinga pia ni kumfukuza mtoto kimyakimya, kwa sababu shule nyingine itampokea bila kujua alichofanya, naye atakuwa hajakijutia.