Jasho la Mke Katika Mali ya Mume

Ndugu yetu mmoja wa Kitui ametuuliza: mtu akipata mali na jina kubwa, kisha akamwacha mke aliyekuwa naye tangu siku za dhiki, je, Sharia humpa mke huyo chochote zaidi ya masurufu ya eda?

Swali hili si la Kitui peke yake. Mwaka 2019 tajiri wa Marekani, Jeff Bezos, aliachana na mkewe MacKenzie, na mke akatoka na robo ya hisa walizokuwa nazo katika kampuni ya Amazon. Wako waliocheka barazani, wakasema ameokota dodo chini ya mpera. Walisahau kwamba wawili hao walioana mwaka 1993, kabla ya kampuni hiyo kuzaliwa, na mke akashiriki katika kazi zake za mwanzo.

Natuitazame Makueni, nchi ya miembe. Mume huenda Mombasa au Nairobi kutafuta mshahara. Mke hubaki akichimba matuta ili mvua isichukue udongo, akateka maji mbali, akalea watoto, akapanda miembe. Baada ya miaka ishirini mume ana nyumba za kupangisha, na jina lake latajwa kila mahali. Hati zote ni zake. Siku ya talaka huuliza: "Huyu alileta nini?"

Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 imehesabu kazi za nyumbani, malezi na kilimo kuwa ni mchango. Mahakama ya Juu nayo ikaeleza, tarehe 27 Januari 2023, kwamba usawa si lazima uwe nusu kwa nusu. Kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake. Lakini kifungu cha 3 cha sheria hiyo chamruhusu Muislamu kufuata Sharia yake. Hapo ndipo penye fitina. Yuko mtu asiyejua njia ya msikiti wala hajatoa zaka hata siku moja, ila akifika mbele ya hakimu hugeuka mwanachuoni: "Mimi ni Muislamu, mke hana haki katika mali yangu!"

Ni kweli kwamba ndoa peke yake haichanganyi mali. Cha mume ni cha mume, na cha mke ni cha mke. Lakini hukumu hii ni ngao ya mke pia, na mwenye kutenganisha mali hana budi kutenganisha kwa haki. Mbuzi wa mke waliouzwa ili mume apate mtaji ni deni au ni ushirika, ila ikiwa mke alitoa zawadi kwa ridhaa yake. Na deni halifutwi kwa talaka.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihukumu kesi ya Habiba bint Zuraiq, aliyekuwa akifanya kazi ya nguo pamoja na mumewe. Mume alipokufa, jamaa zake wakaishika mali yote. Umar akampa Habiba nusu kwa ushirika wake, kisha akamrithisha katika nusu iliyobaki. Juu ya hukumu hiyo wanavyuoni wa Kimaliki wa Maghribi walijenga fatwa zao za kumhesabia mke wa shamba jasho lake.

Nasi Mashafii tuna mut'a, nayo ni wajibu kwa mke aliyeingiliwa kisha akaachwa pasi na sababu itokayo kwake. Kadhi huikadiria kwa kutazama hali zao wawili. Ni wangapi miongoni mwetu waitoao?

Basi jawabu kwa ndugu yetu ni hili: mke hapati nusu kwa kuwa ni mke tu, wala hatoki mikono mitupu. Ana masurufu ya eda, mahari yaliyobaki, mut'a, deni lake na fungu lake la ushirika. Na Qurani, katika Suratul Baqara aya ya 282, imetuamrisha kuandika madeni. Waandikiane mume na mke leo, wangali wanapendana.

Mwenye kuitaka Sharia na aichukue yote, si kipande kimfaacho. Wabillahi tawfiq.